Mwaka wa Jedwali la Mfongo

Nisikilize kidogo, wewe uliyeshika ukurasa huu, na kama una kikombe kiweke karibu, kwa sababu hadithi yangu inakwenda polepole kama maji yanavyotembea kwenye ardhi kavu. Najua wengi wakisikia kwamba mtu anataka kusimulia habari za kompyuta na majedwali huanza kutafuta mlango. Usiondoke. Sitakuuliza hesabu. Nataka tu kukueleza jinsi mwaka mmoja wa ujana wangu ulivyonionyesha jambo ambalo mpaka leo, mvi zikiwa zimeshaingia, bado linanisimamisha kimya: kwamba kitu kikubwa mno kinaweza kupita ndani ya kitu kidogo mno na kufika chote, ilimradi kisijaribu kukaa.

Nimeukumbuka mwaka huo kwa sababu majuzi tulimzika Mama Anaeli, huko Uru. Alizikwa kwenye kihamba chake mwenyewe, kati ya migomba na kahawa, kama ilivyo desturi ya huko, na baada ya wimbo wa mwisho tukaketi chini ya turubai tukapakuliwa ndizi nyama kutoka kwenye masufuria makubwa. Pembeni yangu aliketi Elinami, aliyekuwa mkubwa wangu kazini nilipokuwa kijana. Sasa amestaafu, tumbo limemtangulia, na kicheko chake hakijapungua hata kidogo. Akanigusa kiwiko. "Binti wa miwa," akaniita, jina alilonipa siku ya kwanza aliposikia nimekulia kwenye mashamba ya miwa huko tambarare. "Unasikia?" Nikaacha kutafuna. Nyuma ya sauti za watu na vyombo, kando ya kaburi jipya, maji yalikuwa yanapita. "Bado yanakuja," nikasema. "Yanakuja," akajibu, "na hapa hakuna anayejua kwamba wewe ulikaribia kuyazamisha kwenye memori." Tulicheka mpaka mzee wa kanisa akatugeukia, tukainamisha vichwa kwenye sahani kama watoto.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Anaeli. Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda cha mbao na harufu ya magunia ya kahawa yaliyowahi kuwekwa humo, na dirisha lake lilitazama migomba kwa karibu sana, hata jani lililochanika kwa upepo liliweza kuingia ndani na kunigusa nikiwa nimelala. Jiko lilikuwa nyumba ya pili, na baina ya jiko na chumba changu palikuwa na zizi la ng'ombe mmoja aliyependwa kuliko mpangaji. Asubuhi Mama Anaeli aliniwekea kikombe cha mtori, supu nzito ya ndizi, akasimama mlangoni mpaka niumalize. Alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili kwa miaka mingi na bado alimtazama kila mtu kana kwamba hajakariri mstari wake wa Biblia. Kichagga sikukijua, lakini jioni, kupitia ukuta, nilimsikia akizungumza na jirani yake, na katikati ya maneno nisiyoyaelewa yalidondoka ya Kiswahili, yale ya mikutano: kamati, mwenyekiti, kiangazi, kufungiwa. Neno hilo la mwisho lilirudi kila jioni.

Kufungiwa nini? Nieleze kidogo, kwa msomaji asiyeujua mlima. Huko juu mababu walichimba mifereji inayotoa maji mtoni na kuyazungusha kwenye miteremko mpaka vihambani. Mfereji mmoja huitwa mfongo. Mahali fulani njiani huwa pana nduwa, bwawa dogo la udongo, ambalo hujazwa usiku na kufunguliwa alfajiri, maji yateremke kwa nguvu na kila nyumba ichukue kwa zamu. Mama Anaeli alikuwa mkiani kabisa mwa mfongo wake, kwenye tawi la mwisho. Mwaka ule mvua za vuli zilikuwa haba, na watu wa Kahe, huko chini wanakolima kwa umwagiliaji, walilalamika kwamba mto unawafikia ukiwa umekonda. Kwenye kamati ya maji ikasemwa kwamba lile tawi la mwisho linameza maji: yanaingia, hayaonekani yakifika popote. Pendekezo likawa lifungwe kiangazi chote. "Wakinifungia," Mama Anaeli aliniambia asubuhi moja, kijiko cha mtori kikiwa mkononi mwake, "ng'ombe nitamnywesha Zaburi?"

Sasa kazi yangu ilihusu maji hayo hayo. Mradi mmoja ulikuwa umeweka vipimo sita kando ya ule mfongo, kuanzia kwenye nduwa hadi mkiani, na kila kipimo kiliandika kina cha maji kila baada ya dakika tano, mchana na usiku. Vilikuwa vimeandika kwa mwaka na nusu. Ofisi yetu, chumba cha ghorofani juu ya duka la mbegu mjini Moshi, ilikuwa na watu wawili, Elinami na mimi, meza mbili, na kompyuta moja ya kazi yenye memori ndogo kuliko ya simu utakayoishika leo. Dirisha letu lilitazama kaskazini. Siku nyingi lilionyesha mawingu tu, halafu asubuhi moja bila taarifa yoyote mlima mzima ulikuwa pale, mweupe juu, karibu kiasi kwamba nilishusha sauti.

Tulikuwa tumeandaa taarifa fupi: wastani wa maji kwa kila siku, kwa kila kipimo. Elinami aliipeleka kwenye kamati akarudi nayo mkononi. Mwenyekiti, Mzee Kundaeli, mzee mrefu mwenye koti la sufu hata jua likiwaka, alikuwa amemuuliza: "Wastani ni nini?" Elinami akaeleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo wastani ni maji ambayo hakuna mtu aliyeyanywa." Wakataka vipimo vyote. Vyote, mstari kwa mstari, kwenye kitabu kimoja cha ekseli, kila kipimo na jedwali lake, kisivunjwe vipande. "Mkivunja," alisema mmoja wao, "kipande kitakachopotea kitakuwa cha kwetu." Mkutano wa kuamua habari ya lile tawi ulikuwa umeshapangwa, baada ya Pasaka, na jedwali lisipokuwepo wangeamua kwa kelele, na katika kelele nyumba moja ya mkiani haiwezi kuishinda Kahe nzima. Mama Anaeli alilijua hilo. Aliponiona nikirudi kutoka mjini hakuuliza habari ya kazi. Aliuliza, "Limetoka?"

Halikutoka. Nilikuwa nimeandika programu kama nilivyofundishwa: soma vipimo vyote kutoka kwenye hifadhidata, jenga kitabu chote cha majedwali ndani ya memori, kikishakamilika kihifadhi kwenye diski. Kwa majedwali madogo njia hiyo haina neno. Nilipoiendesha kwa mfongo mzima, feni ya kompyuta ikaanza kunguruma. Pembeni mwa skrini tulikuwa na mchoro mdogo unaoonyesha memori inayotumika, na mstari wake ulipanda kama njia ya kwenda Uru, bila kupumzika, ukafika juu kabisa, na kila kitu kikaganda. Kipanya kiligoma. Kisha programu ikafa, na diski haikuwa na faili hata moja. Nikajaribu tena. Ikafa tena, mahali karibu na pale pale.

Elinami alivuta kiti chake. "Programu yako," akasema, "inakula kama mtu aliyealikwa harusi mbili siku moja."

"Lakini data yenyewe siyo kubwa," nikalalamika. "Kwenye hifadhidata inachukua nafasi kidogo tu."

"Namba ni ndogo. Angalia mavazi yake."

Akanionyesha, kwa subira ambayo nimejaribu kuiiga maisha yangu yote. Fikiria memori ni meza ya kazi na diski ni kabati. Mezani, kisanduku kimoja cha jedwali hakikai kikiwa namba tupu. Programu inakibeba pamoja na mahali pake, aina ya herufi zake, rangi yake, mipaka yake. Namba ilikuwa punje ya mahindi, na kila punje mimi nilikuwa nimeiwekea debe lake. Punje zilikuwa mamilioni. Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: faili lenyewe, likishakamilika, ni nini? Tukalifungua moja dogo kwa nguvu, tukatazama ndani. Yalikuwa maandishi tu, mstari wa kwanza wa jedwali, wa pili, wa tatu, yakiwa yamebanwa kama nguo kwenye begi. "Niambie," akasema, "ili uandike mstari wa kwanza hapa, unahitaji kuwa umeushika wa mwisho?"

"Hapana."

"Basi kwa nini umezuia maji yote? Umejenga nduwa ya kuweka masika yote, binti wa miwa. Sisi tunataka mfongo."

Maktaba ya programu ile ile tuliyokuwa tukiitumia, yaani mkusanyiko wa maagizo yaliyoandikwa tayari na wengine, ilikuwa na njia ya pili ya kuandika, imeelezwa kwenye kurasa za mwisho za mwongozo wake ambako watu hawafiki. Kwa njia hiyo programu inashika mezani mistari michache tu, mia moja kwa mfano. Unapoandika wa mia na moja, ule wa kwanza unashushwa kwenye diski, kwenye faili la muda, na memori inausahau kabisa. Nikabadilisha. Mchoro ukapanda polepole zaidi, lakini ukapanda. Nilitaka kulia. Elinami akapiga makofi kana kwamba nimeshinda kitu. "Vizuri! Umefungua mlango wa kutokea. Sasa nani anarundika mizigo kwenye mlango wa kuingilia?" Nilikuwa mimi. Nilikuwa bado naiambia hifadhidata inipe vipimo vyote kwa mkupuo, kisha ndipo nianze kuandika. Tukaiomba ilete mafungu madogo: leta kidogo, andika, achia, leta tena. Mstari wa mchoro ukalala zaidi, ila ulikuwa na kilima bado, na tulikitafuta kilima hicho siku mbili, tukila maandazi juu ya kibodi, mpaka tukakikuta kwenye rangi. Kila maji yaliposhuka chini ya kiwango, nilipaka kisanduku chekundu, na kila mara nilitengeneza mtindo mpya wa wekundu, ule ule, maelfu kwa maelfu. Tukatengeneza wekundu mmoja mwanzoni, na visanduku vyote vikauelekezea kidole huo huo mmoja.

Na hapo mchoro ukanyooka. Sijui nikuelezeje. Ulipanda kidogo mwanzoni, ukalala, ukabaki umelala kama tambarare ya Kahe ikitazamwa kutoka juu. Jedwali la kwanza likapita, la pili likaanza, na memori haikujua kwamba kuna kilichobadilika. Feni ilikaa kimya. Kwenye mashine ile ile iliyokuwa inakufa, mwaka na nusu wa maji ulikuwa unapita, kila dakika tano ya kila usiku na kila mchana, na ndani ya mashine hapakuwepo wakati wowote zaidi ya mistari michache. Nilisimama. Elinami naye alisimama. Nje, mawingu yalikuwa yamefunika mlima kama kawaida, na tuliutazama ukuta wa mawingu.

Ningependa kukuambia mambo yaliishia hapo. Siku iliyofuata Mzee Kundaeli alipanda ngazi zetu, akapumzika kwenye kila ngazi ya tatu, akatazama mfano wa jedwali na kutikisa kichwa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Kichwa kiko wapi?"

"Kichwa gani, mzee?"

"Juu hapa. Siku maji yalipokuwa mengi kuliko zote, na siku yalipokuwa machache kuliko zote. Ziandikwe juu. Hata mtu huanza kutazamwa usoni."

Elinami akasema tunaweza kuziweka chini, mwishoni mwa jedwali. Mzee akainama, akavuta jedwali kuelekea chini, mistari ikakimbia, ikakimbia, ikazidi kukimbia, akaliachia. "Nani atafika huko?" akauliza. "Mimi nina miaka mingapi iliyobaki?"

Alikuwa na haki yake, nasi tulikuwa kwenye shida ya kweli. Ukiandika kwa njia ya kuachia, mstari ukishashuka huwezi kuurudia. Mstari wa juu ndio unaoondoka wa kwanza, na wakati unaondoka programu bado haijakutana na siku ya maji mengi wala ya machache. Ili nijue kichwa ilinibidi niwe nimeuona mkia. Njia pekee niliyoiona ilikuwa kurudi kule kule, kushika vyote mezani mpaka mwisho, na meza hiyo tulikuwa tumeshaiona ikivunjika. Nilirudi Uru. Mama Anaeli alinitazama, hakuuliza kama limetoka. Alinipakulia kiburu, ndizi zilizopondwa na maharage, sehemu kubwa kuliko yake, na hilo lilinitisha kuliko swali.

Jumamosi ile ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, na mpangaji naye huhesabiwa. Maji yalifungwa huko juu, watu wakashuka mferejini na majembe, wakatoa matope na majani, wakitaniana kwa Kichagga na kunitafsiria matusi tu. Kazi ilipokwisha nilidhani watafungua. Hawakufungua. Watu wachache, Mama Anaeli akiwa mmoja wao, walianza kuutembea mfongo mtupu kutoka kwenye nduwa hadi mkiani, bila jembe, mikono nyuma, wakitazama tu kila mlango na kila ukingo. Nikawafuata. Tulipofika kwenye kihamba chake nikauliza kwa nini hawajafungua maji wakatembea nayo mara moja. Alinishangaa. "Ukitembea na maji utatazama maji," akasema. "Kupita kukavu ni kwa macho. Halafu tunarudi juu, tunafungua, tunapita tena na jembe. Au ninyi huko mjini mnafanya vyote kwa pamoja?" Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nimesimama, mguu mmoja ndani ya mfereji mtupu na mmoja nje, na kicheko chao nilikisikia kwa mbali.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya Elinami. Nilichofanya ni rahisi, na ukikielewa hiki umeelewa hadithi yote. Programu ipite kwenye vipimo vyote mara ya kwanza bila kuandika chochote. Mikononi mwake ibebe vitu vinne tu: kipimo kikubwa kuliko vyote ilivyokutana navyo na saa yake, kipimo kidogo kuliko vyote na saa yake. Ikikutana na kikubwa zaidi, iachie cha zamani ichukue kipya. Ikifika mkiani, inajua kichwa. Kisha irudi juu, iandike kichwa, na ipite mara ya pili ikiandika na kuachia. Kazi inakwenda mara mbili, muda unaongezeka, lakini memori haiongezeki hata kidogo. Elinami alipoingia nikamsimulia ya mfereji mkavu, na aliposoma nilichoandika aliketi polepole. Alisema kwamba ile safari ya kwanza tungeweza kuiachia hifadhidata yenyewe kwa swali moja, naye alikuwa sahihi, na ndivyo tulivyofanya mwishowe. Lakini aliongeza, "Jambo ni lile lile. Pita kwanza ukiwa mkavu." Tukabonyeza. Mchoro ukalala. Majedwali sita yakapita moja baada ya jingine, na mchana, tukiwa tunamenya machungwa dirishani, faili likakamilika. Jioni, Mama Anaeli alikuwa zizini. "Limetoka," nikamwambia. Alimpiga ng'ombe wake kofi la upole kwenye nyonga, kana kwamba ndiye aliyesubiri habari hiyo.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa usharika, shuka jeupe likiwa limetundikwa ukutani badala ya skrini. Tuliazima kompyuta yenye memori kubwa zaidi, kwa sababu kuandika faili kubwa ni kazi moja na kulifungua ni nyingine, na hata hivyo lilifunguka taratibu kiasi kwamba chai ilizunguka ukumbi mzima. Mjumbe wa Kahe alikuwa Bwana Shabani, mkulima wa vitunguu, mtu wa maneno machache ambaye hakunywa chai mpaka alipoona. Alisimama karibu na shuka. "Sitaki mwezi," akasema. "Nionyeshe asubuhi moja. Yoyote." Mzee Kundaeli akachagua asubuhi moja ya kiangazi kilichopita. Nikashuka kwenye jedwali la kipimo cha nne mpaka alfajiri ile. Namba zilikuwa zimetulia usiku kucha, kisha, pale nduwa ilipofunguliwa, zikapanda: mstari, mstari, mstari, na kila mtu ukumbini akayatambua maji yake. Nikaenda kwenye jedwali la kipimo cha tano, asubuhi ile ile. Zilipanda kidogo, kisha zikagoma. Cha sita, kwa Mama Anaeli, zilikuwa chozi tu.

"Rudi usiku," Bwana Shabani akasema. Nikarudi. Maji yalipokuwa machache, cha nne na cha tano vilikuwa karibu sawa. Yalipopanda kupita kiwango fulani, ya cha nne yalikwenda juu na ya cha tano yalibaki. Tukatazama asubuhi nyingine, na nyingine. Ilikuwa hivyo hivyo. Wastani wa siku ulikuwa umelificha, kwa sababu saa chache za alfajiri zilizama kati ya saa nyingi za utulivu. Na kupita kukavu kusingeweza kulionyesha, kwa sababu ukingo wa mfereji mahali hapo ulivuja tu pale maji yalipoufikia kwa juu.

"Kati ya cha nne na cha tano pana nini?" Mzee Kundaeli akauliza.

"Mringaringa," akajibu mtu. Ule mti mkubwa, mizizi yake imeukumbatia mfongo.

Mama mmoja wa nyuma, aliyekuwa amembeba mtoto, akasema taratibu, "Chini ya mringaringa, kule bondeni, si ndipo ilipo ile chemchemi?"

"Ipi?"

"Ile mpya. Ile aliyoiombea mchungaji."

Nilikuwa sijui habari hiyo, lakini uso wa kila mtu ulinieleza. Mwaka uliotangulia, bondeni, maji yalikuwa yametokeza pasipokuwa na maji, na watu walikwenda na nyimbo, na mchungaji akaomba, na matoleo ya shukrani yakatolewa kwa ndizi na mayai. Mchungaji mwenyewe alikuwa ameketi mbele. Mama Anaeli akasimama, akarekebisha kitenge chake.

"Kumbe," akasema, "mmekuwa mnamshukuru Mungu kwa maji yangu."

"Maji ni ya Mungu, Mama Anaeli," mchungaji akajibu, akijitahidi asicheke.

"Ni ya Mungu, mchungaji. Lakini ilikuwa zamu yangu."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko, na aliyecheka zaidi alikuwa Bwana Shabani, hata akalazimika kushika shuka. Chemchemi ile ilimwagikia mtoni, na mto ulikwenda Kahe. Yule mama wa mkiani aliyelaumiwa kuwanyima maji alikuwa akiwagawia bila kujua. Bwana Shabani ndiye aliyesema lile tawi lisifungwe. Walikubaliana ukingo uzibwe kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, mti usiguswe, na asubuhi moja ya kila juma nduwa ifunguliwe kuelekea mtoni, iwe zamu ya Kahe. Akanywa chai yake ikiwa baridi. Mama Anaeli alipopita karibu na meza yangu aliugusa mgongo wa ile kompyuta kwa kiganja, kama alivyomgusa ng'ombe, akasema, "Aika," ambalo ni neno la shukrani la kwao, na sijui alikuwa anatuambia sisi au mashine.

Nimeandika programu nyingi tangu mwaka ule, kwenye mashine zenye memori ambayo wakati ule tungeiona ndoto. Bado siamini sana meza kubwa. Meza ikikua, mizigo nayo hukua. Siku ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika, Elinami na mimi tulikwenda nyuma ya nyumba mpaka mkiani mwa mfongo. Upana wake ni wa mguu wangu tu. Nimeupima, nikiwa nimevaa viatu vya msibani. Mlima mzima uko huko juu, barafu na misitu na mawingu yake, na unashuka kupitia hapo, kidogo, kidogo, na haujawahi kuukataa mfereji kwa udogo wake. Jirani mmoja alikuja akafungua mlango wa kihambani kwa jembe, kwa sababu, awe marehemu au la, ilikuwa zamu ya Mama Anaeli, na ng'ombe alikuwa na kiu.

Na wewe, kama una programu inayokufa kwa jedwali kubwa, usikimbilie kununua memori. Ifungue, tafuta mahali inapokusanya mistari yote kabla ya kuandika wa kwanza, na uondoe mkusanyiko huo: leta fungu dogo, andika mstari, uachie, kisha chukua unaofuata.